Kiungo cha Kuvutia Trela kwa Basi Lililogeuzwa Nyumba: Miundo Mitatu Ikilinganishwa

Mtu anayegeuza basi kuwa nyumba ya magurudumu hapa Mombasa hufikia siku ambapo vitanda vimekwisha kufungwa, tangi la maji limekaa mahali pake, betri za sola zimeunganishwa, na swali linalobaki ni namna ya kwenda dukani bila kuling'oa jumba zima. Basi haliingii katika vichochoro vya Mji wa Kale, na siku ya soko Kongowea hata kuligeuza ni mtihani. Ndipo linapokuja wazo la kuvuta kigari kidogo, mashua au kitrela cha mizigo, na ndipo mwenye basi anapogundua kwamba viungo vya kuvutia vinavyouzwa tayari vimekusudiwa pikapu na magari ya familia. Cha basi hutengenezwa kwa kipimo cha basi lenyewe.

Nimetengenezewa viungo viwili katika basi moja, Isuzu FRR lililokuwa la shule. Cha kwanza kilipasuka, cha pili ndicho ninachokitumia mpaka leo, na kabla ya kuamua kuhusu hicho cha pili nilipima kwa makini muundo wa tatu ambao niliuacha. Ninachotaka kukionyesha katika ulinganisho huu ni kwamba wengi wetu huanza na swali la tufe, yaani ule mpira wa chuma ambao kikombe cha trela hukaa juu yake: la ukubwa gani, la kampuni gani, linabeba kilo ngapi. Tufe halijawahi kuwa tatizo katika basi lolote nililolichungulia chini yake. Tatizo huwa katika njia ambayo nguvu inaipita kutoka kwenye tufe mpaka ekseli ya nyuma, na miundo hii mitatu inatofautiana hasa kwa jinsi kila mmoja unavyoitengeneza njia hiyo.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani

Wahandisi wa Ulaya hutumia kanuni fupi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu nyuma ya risiti. Zidisha uzito wa basi kwa uzito wa trela, kisha gawanya kwa jumla ya uzito wa vyote viwili. Basi langu likiwa limejaa maji na dizeli lina tani 8, na trela pamoja na kigari kilicho juu yake ni tani 1.6. Nane mara 1.6 ni 12.8, na 12.8 ikigawanywa kwa 9.6 hutoa 1.33. Kwa hiyo kiungo changu kinatakiwa kukadiriwa kwa nguvu ya kuvuta na kusukuma isiyopungua uzito wa tani 1.33, ambayo ni kilonewtoni 13 hivi, ikienda na kurudi maelfu ya mara katika kila safari.

Kanuni hiyo ina siri ndogo inayofariji. Hata kama basi langu lingekuwa la tani 16, jibu lingepanda mpaka 1.45 tu, kwa sababu nguvu hiyo haiwezi kamwe kuupita uzito wa trela. Mwenye basi kubwa asitishike na ukubwa wa basi lake, aitazame trela.

Kinachosumbua zaidi ni kimo. Mihimili ya chesisi ya basi langu iko sentimita 80 hivi kutoka ardhini, ilhali trela za kawaida zenye kikombe cha milimita 50 zinataka kitovu cha tufe kiwe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini gari linalovuta likiwa na mzigo. Tufe basi hulazimika kushuka sentimita 40 chini ya chesisi, na kila linapovutwa linajaribu kuipindua boriti iliyolibeba. Tani 1.33 kwa kushuka kwa mita 0.4 ni sawa na kuning'iniza kilo 530 kwenye ncha ya mtaimbo wa mita 1. Fundi anayeangalia unene wa chuma peke yake, bila kujiuliza msokoto huo utaishia wapi, anatengeneza kitu ambacho kitasimama vizuri uani na kuanza kuteseka barabarani.

Halafu kuna uzito unaokandamiza tufe kutoka juu. Trela yangu hukandamiza kilo 150, na tufe liko mita 3 nyuma ya ekseli ya nyuma, wakati urefu kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 5. Kwa hesabu ya mizani ya kawaida, ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 90 na ya nyuma inaongezewa kilo 240. Kama tangi la maji nalo limewekwa mkiani, usukani utaanza kuwa mwepesi kwa namna ambayo dereva hataipenda akiteremka kuelekea Mazeras mvua ikinyesha. Pimisha basi ekseli kwa ekseli kwenye mizani ya magari ya mizigo kabla ya kununua hata kipande kimoja cha chuma.

Muundo wa kwanza: kuchomelea kwenye mkia

Huu ndio unaopendekezwa na mafundi wengi kwa sababu ni wa haraka. Bamba linachomelewa kwenye bampa ya nyuma na kwenye ncha za chesisi, tufe linafungwa katikati, rangi nyeusi inapakwa, na kabla ya magharibi umekabidhiwa gari lako. Changu kilitengenezwa kwa bamba la milimita 8 na kwa macho kilipendeza. Fundi alikuwa hodari wa kuchomelea, na mshono wake ulikuwa umelala kama magamba ya samaki.

Baada ya miezi minne nilikuwa nikishuka kutoka feri upande wa Likoni. Ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yamekupwa sana. Hapa Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo kilima cha kutokea ferini siku hiyo kilikuwa kirefu. Mkia uliguguna saruji. Niliposimama pembeni kuangalia, kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni aliinama, akanyosha kidole na kusema, "Mzee, chuma chako kinacheka." Kando ya mshono, pale unapokutana na mdomo wa chini wa chesisi, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kutoka kwenye ufa huo mstari wa kutu yenye rangi ya chai ulikuwa umeteremka hadi ukingo wa bamba. Kutu iliyofika umbali huo si ya siku moja. Feri iliufichua ufa tu. Ulikuwapo kwa wiki kadhaa.

Nimeyapitia makosa ya muundo ule mara nyingi. La kwanza ni kwamba mkia wa basi kwa kawaida si chesisi ya kiwandani. Wajenzi wa bodi huongeza vipande nyuma ili kupata urefu wa viti zaidi, na vipande hivyo vilikusudiwa kubeba bampa, taa na wanafunzi waliokaa safu ya mwisho. Ukilala chini ya basi na tochi utakiona kiungio: unene unabadilika, au umbo, au pana mshono ambao kiwanda kisingeuweka. Katika basi langu kiko sentimita 90 kutoka ncha ya nyuma. Kila kitu nyuma ya hapo ni mgeni.

La pili ni mahali pa mshono. Chesisi ya lori imekunjwa kwa umbo la chaneli, ina ubavu uliosimama na midomo miwili, wa juu na wa chini. Midomo ndiyo inayobeba mvutano na mgandamizo mkubwa zaidi gari linapopita kwenye matuta, na ndiyo maana miongozo ya watengenezaji wa malori hukataza kuitoboa au kuichomelea. Mshono uliokatiza mdomo wa chini ni mwaliko wa ufa. Tena mtu asidanganywe kwamba chuma bora kingeokoa: kwa mizigo inayorudiarudia, uhai wa mshono hutegemea umbo na mahali pake, na ubora wa chuma huongeza kidogo sana.

La tatu ni fito za kuchomelea na hewa yetu. Fito za kawaida za E6013 ni nyepesi kutumia na zinafaa kwa mageti na madirisha. Za E7018 ndizo zinazopendelewa kwa kazi ya kubeba mizigo, lakini zina masharti: zikinyonya unyevu, haidrojeni huingia katika mshono na kuleta nyufa zisizoonekana mara moja. Pakiti iliyofunguliwa ikaachwa juu ya benchi katika hewa ya Mombasa haifai tena mpaka ikaushwe upya kwenye oveni yenye joto la nyuzi 260 na zaidi, na oveni ya namna hiyo si kitu unachokikuta kila karakana. Muulize fundi anahifadhi wapi fito zake. Jibu lake litakueleza mengi kuliko picha za kazi alizofanya.

Muundo huu una faida mbili za kweli, wepesi na gharama ndogo, kwa kuwa chuma ni kidogo na kazi ni ya siku moja. Kwa rafu ya baiskeli au ya mitungi ya gesi unatosha kabisa. Kwa trela ninauona haufai, hata iwe ndogo.

Muundo wa pili: boriti iliyofungwa kwa bolti ubavuni

Hapa mabamba mawili marefu hufungwa kwenye ubavu wa chesisi, moja kila upande, na kati yao hulala boriti. Mafundi wa majumba ya kale ya Pwani walijua kazi ya boriti za mikoko: zinabeba dari kwa kukaa ukutani kwa kina cha kutosha, na zikikaa ukingoni tu hata mkoko mgumu haufai kitu. Habari ni ile ile kwa chuma.

Mabamba yangu yana unene wa milimita 12, upana wa sentimita 18 na urefu wa mita 1.2. Urefu huo ndio roho ya muundo mzima, kwa sababu unavuka ule mkia wa kuongezewa na kuifikia chesisi ya kiwandani karibu na kishikio cha nyuma cha springi. Kila bamba lina kilo 20 na ushei. Ncha zake za mbele zimekatwa mshazari ili ugumu usiishe ghafla, kwani chesisi hupenda kupasuka pale inapotoka sehemu ngumu kuingia sehemu laini. Boriti ni bomba la mraba la milimita 100 kwa 100 lenye unene wa 6, na umbali kati ya mihimili, kama katika malori mengi ya ukubwa wa kati, ni takriban sentimita 85. Ukijumlisha na mikono ya mshazari, kiungo chote kilikaribia kilo 80.

Ule msokoto wa kilo 530 kwenye mtaimbo wa mita 1 ulishughulikiwa na mikono miwili ya mshazari inayotoka karibu na tufe kwenda mbele na juu mpaka kwenye mabamba. Kati ya kundi la bolti la nyuma na la mbele kuna sentimita 60, kwa hiyo msokoto unageuka kuwa msukumo wa juu na chini wa kilo 450 hivi kwa kila upande, ambao ubavu wa chesisi unaumudu bila kulalamika. Bila mikono hiyo, boriti yenyewe ingelazimika kuumeza wote.

Kuhusu bolti, nilitumia M16, yaani za kipenyo cha milimita 16, za daraja la nguvu la 8.8, sita kila upande. Namba 8.8 hupigwa juu ya kichwa cha bolti, na bolti isiyo na namba iachwe dukani hata muuzaji aape vipi. Watu hudhani kazi ya bolti ni kukataa kukatwa. Ukweli ni kwamba kazi yake ya kwanza ni kubana. Bolti moja ya aina hiyo ikikazwa ipasavyo, kwa takriban newtonmita 200 ikiwa kavu, hubana kwa nguvu ya tani 7 hivi, na msuguano kati ya bamba na chesisi ndio unaobeba mzigo wa kila siku. Ndiyo sababu rangi nene katikati ya nyuso zinazobanwa ni hatari: hubonyea taratibu, bolti ikalegea, na bolti iliyolegea ndiyo hatimaye hukatika. Tulipaka zinki nyembamba peke yake sehemu hizo, kisha tukaziba kingo zote kwa silikoni ili maji ya chumvi yasipenye.

Wengine watauliza kwa nini nisitumie bolti za 12.9, ambazo zina nguvu zaidi. Chuma chenye nguvu ya namna hiyo huwa chepesi kupasuka bila onyo kinapokutana na kutu na haidrojeni, na Pwani ina kutu ya kutosha kugawia bara. Ongeza idadi ya bolti, usiongeze daraja.

Ubaya wa muundo huu ni muda na usumbufu. Kutoboa mashimo kumi na mawili ya milimita 17 katika ubavu wa chesisi kwa kekee ya mkono ni kazi ya kutoa jasho, na upande wa ndani kuna mipira ya breki na nyaya ambazo lazima zisogezwe kwanza. Yatumike mashimo ya kiwandani kila yanapopatikana. Mimi nilipata manne. Kwangu kazi ilikula siku tano. Mabamba nayo yanaweza kufunguliwa, na hiyo ni faida ambayo mtu haioni mpaka siku ya kuuza basi au siku fundi wa springi anapotaka nafasi.

Kushuka kwa tufe tulikufanya kiwe kitu cha kuchomolewa. Katikati ya boriti tulitia bomba la mraba lenye uwazi wa inchi 2, nao mkono wenye tufe unachomekwa humo na kufungwa kwa pini nene. Mikono ya mshazari inaishia kwenye fremu ya bomba hilo, na mkono wa kuchomeka ndio sehemu pekee inayoning'inia chini. Nikifika Likoni bila trela nauchomoa, nautia kwenye boksi la vifaa, na mkia unapita bila kuguguna. Kwa mtu wa Mombasa hilo peke yake linatosha kuukataa mkono uliochomelewa moja kwa moja, ingawa mwenye safari za kusini anaweza sasa kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu akaiepuka feri.

Muundo wa tatu: uti wa mgongo

Katika mabasi yenye injini nyuma, kama Scania za mfululizo wa K, mkia hauna mihimili ya lori. Una kimiani cha mabomba mepesi kinachobeba injini na bodi, na hakuna ubavu wa kufungia bamba la mita 1.2. Hapo ndipo unapohitajika uti wa mgongo: chaneli mbili zinazopita chini ya injini kutoka nyuma mpaka kwenye fremu nzito ya ekseli, zikifungwa huko kwa bolti, na mkiani zikining'inizwa tu ili zisiyumbe.

Kwa njia ya nguvu, huu ni muundo safi kuliko yote, kwa kuwa mvutano unakwenda moja kwa moja ekselini. Gharama yake hulipwa kwingine. Uzito unapita kilo 100 kwa wepesi. Nafasi ya chini inapungua. Injini ya nyuma hutolewa kwa nyuma au kwa chini, kwa hiyo uti lazima ufunguke wote, la sivyo fundi wa injini atakuja na gesi ya kukatia, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, isizibwe, na nyaya za taa za trela zisipite karibu na ekzosi.

Niliufikiria muundo huu kwa basi langu kwa sababu ya tamaa ya uimara. Lakini basi lenye injini mbele, liwe FRR au Scania F310, tayari lina mihimili miwili mizuri inayofika ekselini. Kulitilia uti wa pili ni kumvisha mtu kanzu juu ya kanzu. Ningepoteza pia mahali pa tangi la maji machafu. Mwenye injini nyuma, kwa upande wake, achague kati ya uti wa mgongo na kuacha kuvuta kabisa, na simwoni mjinga anayechagua kuacha.

Tufe, au ndoana na pete

Hapa nitapita upesi. Tufe la milimita 50 limekaa barabara ndani ya kikombe chake, halina kelele, na ndilo linaloingiliana na trela nyingi ndogo. Katika utaratibu wa Ulaya huishia tani 3.5. Ndoana na pete ya chuma huvumilia barabara mbovu zaidi, kwa sababu trela inaweza kuinama na kujipinda sana bila kukwama, na hubeba mizigo mizito, lakini ina uchezi unaogonga kila unapokanyaga na kuachia breki. Mtu anayelala ndani ya gari lake na anayesafiri na vyombo vya udongo atachoka na mgongano huo kabla ya kufika Voi. Kwa kitrela cha shambani au jenereta kubwa, ndoana. Kwa mengine, tufe.

Tahadhari moja isipuuzwe. Matufe ya Kimarekani ya inchi 2 yana milimita 50.8, na ya inchi 1⅞ yana milimita 47.6, nayo yote huonekana sawa kwa macho. Kikombe cha 50 juu ya 50.8 kinaweza kukataa kujifunga sawasawa. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la 47.6 kinaweza kuruka kwenye tuta la kwanza. Pima kwa kaliba, na minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela ili iudake usigonge lami ukichomoka.

Gari juu ya trela, au kuburuzwa kwa magurudumu yake

Kigari changu ni Suzuki ndogo ya magurudumu manne ya kuendesha, yenye uzito wa tani 1 na kidogo, na wapo walionishauri niiburuze kwa mkono wa umbo la A bila trela. Uzito ungepungua kwa nusu tani na hesabu ya kiungo ingeshuka kutoka tani 1.33 hadi chini ya 1. Gari lenye gia za mkono, au lenye gia ya pili ya kusambazia nguvu inayowekwa huru, kwa kawaida huburuzika bila madhara; mengi ya gia za kujiendesha hayaburuziki, kwa sababu pampu ya kulainisha gia haizunguki injini ikiwa imezimwa.

Kilichonifanya nichague trela ni kurudi nyuma. Gari linaloburuzwa kwa mkono wa A halirudishwi nyuma. Magurudumu yake ya mbele hujigeuza yapendavyo, gari likajikunja. Katika mji ambao ukikosea njia moja Mwembe Tayari unalazimika kurudi nyuma mita thelathini huku matatu na tuktuk zikikupigia honi, mimi siwezi kuishi na kitu kisichorudi. Trela pia ina breki zake za msukumo, zinazokaza zenyewe basi linapopunguza mwendo, ilhali gari linaloburuzwa huziachia breki za basi kazi yote.

Trela inasajiliwa peke yake na kupewa kibao chake kinachoanza na herufi Z. Basi lenyewe, likishageuzwa kutoka la abiria, linahitaji ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani, na kurekebishiwa maelezo ya usajili. Hilo ni vyema likamilishwe kabla kiungo hakijachomekwa, kwa sababu askari wa barabarani akiona trela nyuma ya basi ataanza kwa kuomba karatasi.

Umeme na ukaguzi wa kwanza

Malori na mabasi mengi hutumia volti 24, na trela ndogo hutumia taa za volti 12. Ukiunganisha moja kwa moja, balbu zote zitaungua kabla hujatoka uani. Njia mbili zipo: kubadilisha balbu za trela ziwe za volti 24, ambayo ni rahisi lakini inafanya trela isivutwe na gari lingine lolote, au kuweka kipunguza volti nyuma ya basi. Nilichukua ya pili, nikafunga soketi ya pini saba juu ya boriti, mbali na matone ya chumvi yanayorushwa na magurudumu.

Kama kuna kuchomelea kokote kutafanywa kiungo kikiwa kimeshafungwa kwenye basi, betri zikatwe, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na mshono, vinginevyo umeme utatafuta njia kupitia beringi. Afadhali boriti ichomelewe juu ya benchi, ikachovywe zinki ya moto ikiwa imetobolewa vitundu vya kupumulia, kisha ndiyo ifungwe. Usichomelee tena chuma kilichokwisha kuchovywa bila kuisaga zinki kwanza. Moshi wake humpa mtu homa na mtetemeko wa usiku kucha.

Siku ya kukabidhiwa, fundi wangu alichukua rangi nyeupe ya kucha aliyoikopa kwa mkewe, akachora mstari mmoja mwembamba kutoka kila nati hadi kwenye bamba, nati zote kumi na mbili. Nilivuta trela tupu hadi Kilifi na kurudi, nikalala chini ya basi na tochi. Mistari kumi ilikuwa imenyooka. Miwili, yote ya upande wa kushoto nyuma, ilikuwa imekatika kwa upana wa uzi, nikaikaza tena na kuichora upya. Mwezi uliofuata, baada ya safari ya Malindi na mzigo kamili, yote kumi na miwili ilikuwa mahali pake.